Mwacheni Achague

Wazee wenzangu wa Magomeni wana methali moja wanayoipenda kuliko zote, na huitoa kila wanapomwona kijana amesimama mbele ya duka zaidi ya dakika tano: mchagua nazi hupata koroma. Nimeisikia ikitumiwa kwa mchumba, kwa kiwanja na kwa shule, na mwaka huu nimeisikia ikitumiwa kwa kompyuta. Nami nasema, kwa heshima zote wanazostahili, kwamba methali hiyo wanaitumia vibaya. Nendeni sokoni Kariakoo mkamtazame mama anayenunua nazi. Anaipima uzito mkononi, anaitikisa sikioni asikie maji, anaigonga kwa ukucha, anatazama macho yake kama yana unyevu, kisha anairudisha na kuchukua nyingine. Hakuna mama wa Pwani anayenunua nazi bila kuichagua. Anayerudi nyumbani na koroma ni yule aliyetuma mtoto, au yule aliyeona haya kuitikisa mbele ya muuzaji.

Mgogoro wenyewe ni huu. Mjukuu wangu wa kike, ninayeishi naye hapa Magomeni Mikumi, amemaliza kidato cha sita. Kwa mwaka mmoja na nusu amekuwa akiwasuka watu nywele siku za Jumamosi na kuwafundisha hesabu watoto wa majirani, na amejiwekea akiba ya Sh. 1,850,000. Fedha hizo anataka kununulia vipande vya kompyuta, kimoja kimoja, avifunge mwenyewe. Na ametamka waziwazi, bila kumdanganya mtu, kwamba kompyuta hiyo kwanza kabisa ni ya kuchezea gemu. Baba yake, yaani mwanangu, amekasirika. Anataka binti anunue kompyuta mpakato iliyo tayari, "ya maana", ya kwenda nayo chuoni. Baraza la jioni limekaa upande wa baba. Mimi nimekaa upande wa mjukuu, na kwa kuwa pale barazani sauti yangu ni moja na zao ni saba, nimeamua kuandika.

Nianze na neno gemu, maana ndilo linalowachoma. Ati ni upuuzi. Wanaosema hivyo husema huku wakihesabu kete za bao, na nimeshuhudia mchezo mmoja ukianza baada ya sala ya alasiri na kukatizwa na adhana ya magharibi bila mtu yeyote kulalamika kwamba muda umepotea. Silaumu bao. Bao ni hesabu, ni kumbukumbu, ni kumsoma mwenzako usoni. Lakini mtu aliyekubali kwamba ubao wenye mashimo 32 unanoa akili, atueleze kwa nini mchezo wa kandanda au wa kuendesha ndege ulio katika kompyuta unaipumbaza. Na vijana wanaokesha wakiandika mikeka ya kubeti mpira, mbona hao hawaitiwi kikao? Kuhusu msichana na bisibisi sitasema mengi. Mkono unaogawa nywele mistari mingi sambamba bila kukosea hautashindwa na skrubu nne.

Jambo zito zaidi ni woga ulio nyuma ya maneno hayo, kwa sababu woga huo una historia yake nchini. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 70, hesabu zilizokabidhiwa mashine zilikuwa zimevurugika, gharama zimepanda, na waliojua mambo ya ndani ya mashine hizo walikuwa zaidi wageni. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na televisheni zikiwamo. Televisheni ya kwanza ya Tanzania Bara tulikuja kuiona mwaka 1994, hali wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya 70. Sitaki kuwasuta waliotoa amri ile. Fedha za kigeni zilikuwa adimu na hasara ilikuwa ya kweli. Ninachosema ni kwamba dawa ilipakwa mahali pasipouma. Mashine haikuwa ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa kwamba tulinunua kitu tusichojua kukichagua, na kilipoharibika hatukujua kukifungua. Marufuku haikutufundisha kuchagua wala kufungua.

Na hata baada ya mlango kufunguliwa tumeendelea kuiogopa. Katika shule moja nimewahi kuona kompyuta za msaada zimefunikwa vitambaa vya kudarizi kama makochi ya sebuleni, chumba kimetiwa kufuli, na ufunguo uko kwa mtu aliyesafiri. Wanafunzi wa hapo waliandika madaftarini maana ya prosesa na kazi za RAM, wakapata maksi zao, na hawajawahi kuishika RAM hata moja. Wakati huo huo ukutani ofisini kulikuwa na picha ya Mwalimu, ambaye mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, alilalamikia elimu inayomfanya mtoto aamini kwamba maarifa yote yenye thamani yamo vitabuni. Sisi tuliopita vyuo vya ualimu tulikariri maneno hayo kwa ajili ya mtihani. Sasa amezuka mtoto anayeyatekeleza kwa fedha zake, nasi tunamwitia kikao.

Tazameni basi kuchagua kwenyewe kulivyo, maana wengi wanaobisha hawajapata kumwona mtu akichagua. Mjukuu wangu hakuanza na duka, alianza na daftari. Ukurasa wa kwanza aliandika monita, kwa sababu, asemavyo yeye, "Babu, hakuna faida ya kupika pilau ya watu mia kama sahani ni moja." Monita anayoimudu ni ya mtumba, yenye nukta 1,920 kwa 1,080, na kwa monita hiyo kadi ya picha ya fahari ni fedha iliyotupwa. Baada ya monita ikaja hiyo kadi ya picha, ambayo ndiyo huuchora mchezo na ndiyo hula fungu kubwa la fedha. Halafu prosesa ya kwenda nayo sambamba, kwa maana prosesa goigoi huiacha kadi kali ikikaa bure. Halafu ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi, na hapo ndipo penye mtihani. Prosesa haikai kwenye ubao wowote uutakao. Ryzen za kwanza za AMD zilizotoka mwaka 2017 zilikaa kwenye soketi iitwayo AM4, na zile za mfululizo wa 5000 zilizoanza kutoka mwaka 2020 zilikaa kwenye soketi hiyo hiyo. Mwaka 2022 ikaja AM5, ambayo haipokei prosesa za AM4, na bao zake hutumia RAM za DDR5 peke yake. Kwa hiyo aliyechagua prosesa amekwisha kuchagua na ubao, na aliyechagua ubao amekwisha kuchagua na RAM, kama vile anayekubali posa anavyokubali na mashemeji.

Yeye amekata shauri la AM4, prosesa ya Ryzen 5 5500, na RAM ya GB 16 iliyogawanywa vipande viwili vya 8, maana viwili hupitisha data kwa njia mbili na kimoja kwa njia moja. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za RAM zilipanda duniani kote, viwanda vikikimbilia oda za wenye majumba ya akili mnemba, na binti huyu akalazimika kurudi kwenye daftari apunguze mahali. Alipunguza taa.

Taa ndizo zilizonifikisha kwenye hasira ya kuandika. Tulikwenda Kariakoo pamoja, kwenye duka ambalo sitalitaja. Muuzaji, kijana mwenye adabu zake, aliniamkia mimi, akanipa kiti mimi, na biashara akaifanya na mimi: "Mzee wangu, mchukulie binti hii hapa. Kompyuta ya gemu kamili, ina taa za rangi zote, watoto wanazipenda." Ubavu wa kompyuta ulikuwa wa kioo, na feni zake nne zikiwaka kama ukumbi wa harusi. Mjukuu wangu akauliza pawasaplai yake ni ya wati ngapi. "Mia tano, dada, mpya kabisa." Akaomba kuiona lebo. Ikabidi ubavu ufunguliwe na tochi ya simu iwashwe. Lebo ilikuwa na 500 kwa tarakimu kubwa. Na chini yake, kwa maandishi ya kusomwa na sisimizi, mstari wa volti 12 uliandikiwa ampea 18.

Msomaji aliyesoma fizikia ya sekondari anajua kwamba volti mara ampea ni wati. 12 mara 18 ni 216. Na prosesa na kadi ya picha, ambazo ndizo walaji wakubwa, hulishwa karibu chakula chote na mstari huo wa volti 12. Kadi anayoifikiria yeye, GTX 1660 Super, imeandikiwa wati 125. Prosesa imeandikiwa 65, na ikikazwa hupita hapo. Hizo ni 190 kabla ya feni, diski na hizo taa zenyewe. Ile "mia tano" ingekuwa punda aliyepakiwa hadi masikioni kabla hajatoka zizini. Alipoelezwa, muuzaji alisema, "Dada, hayo mambo ya kiwandani hayo," na naamini alisema kweli kwa kadiri ya ujuzi wake. Hajawahi kuulizwa. Miaka yote wateja wanauliza taa, naye analeta taa. Hapo ndipo ninapotulaumu sisi wazazi kuliko wafanyabiashara. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nasi tumezoea kutembezewa.

Na kama kuna mahali pasipofaa kubana fedha katika jiji hili, basi ni pawasaplai. Umeme wetu ni wa volti 230, na unaporudi baada ya kukatika wakati mwingine hurudi kwa kishindo. Pawasaplai dhaifu ikifa huweza kufa na mazabodi, na kadi ya picha pia, hapo akiba ya mwaka mmoja na nusu imekuwa moshi. Tangu mwaka 2004 kuna alama iitwayo 80 Plus, ambayo kwa kiwango chake cha chini maana yake ni kwamba angalau asilimia 80 ya umeme unaovutwa ukutani hufika kwenye mashine bila kupotea kama joto, iwe mzigo ni mdogo au umejaa. Joto hilo, kwa anayekaa chumba chenye bati juu mwezi wa Februari, si jambo la nadharia. Alama hiyo nayo hughushiwa, kwa hiyo ipimeni pawasaplai mkononi kama nazi: iliyo nyepesi kama boksi tupu haina kitu ndani. Na zile za zamani zina kiswichi chekundu nyuma cha kuchagua 115 au 230. Iliyotoka Marekani ikiwa imeachwa kwenye 115, ukiichomeka Magomeni utasikia mlio mmoja tu.

"Baba, Kariakoo watamwibia," ndivyo anavyoniambia mwanangu. Wezi wapo, sibishi. Ipo kadi kuukuu ambayo programu yake ya ndani imeandikwa upya ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti, hali yenyewe ni ya kizazi cha zamani sana, kama kibabu aliyepaka nywele piko. Zipo pia kadi zilizochoka kwa kuchimba sarafu za kidijiti. Septemba 2022 Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za picha, kadi zilizofanya kazi usiku na mchana zilimwagika kwenye masoko ya mtumba duniani. Lakini binti huyu anayajua hayo, na ana programu ya bure iitwayo GPU-Z ndani ya flashi, ambayo huweza kuitambua kadi ya kughushi na kuitaja hivyo. Anaomba kadi iendeshwe nusu saa kabla hajatoa fedha. Duka likikataa, anaaga kwa adabu na kuondoka. Sasa nani yuko karibu zaidi na kuibiwa, huyu, au baba yake, aliyenunua kompyuta mpakato yake kwa kutazama rangi ya mfuniko? Boksi lililofungwa halizuii wizi, ila mwenye boksi hachunguzi.

Hoja moja ya baba ina nguvu, nami siifichi. Kompyuta mpakato ina betri na inabebeka. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mwenye kompyuta ya mezani amekatika nao. Ni kweli, na ndiyo maana ukurasa wa mwisho wa daftari una UPS ndogo, si ya kuendelea kuchezea, bali ya kupata dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima. Kuhusu kubebeka, mtoto anatarajia kusoma hapa hapa jijini na kulala nyumbani. Kwa upande wa pili, kompyuta mpakato nyingi za siku hizi, hasa zile nyembamba zinazosifiwa, RAM yake imechomelewa kwenye ubao, na kadi ya picha, ikiwa ipo, haibadiliki. Siku ikizidiwa unabadilisha kompyuta nzima. Hii ya vipande, kikifa kimoja unanunua kimoja, na atakayekibadilisha ni yule yule aliyekifunga.

Jirani yangu mmoja, mtu mwema, ameleta ushauri wa tatu: anunue kompyuta ya ofisi ya mtumba, zile za Dell na HP zinazoshushwa kwa makontena, achomeke kadi ndogo ya picha, mambo yaishe. Ushauri huu nauheshimu. Kwa vijana wengi wa mjini hiyo ndiyo kompyuta yao ya kwanza ya gemu, na waliofanya hivyo wamechagua, hawakutembezewa. Ila wauliziane mambo mawili kabla ya bei. Nyingi za mashine hizo zina pawasaplai za umbo lao na plagi zao, hazikubali ya kawaida ya dukani, kwa hiyo utabaki na kadi inayotosheka na wati 75 za kwenye soketi ya ubao. Na zile kompyuta nyembamba hupokea kadi fupi tu. La pili ni kizazi cha prosesa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na Windows 11, kwa masharti yake rasmi, inadai kitu kiitwacho TPM 2.0 na prosesa za Intel za kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache sana. Ofisi za Ulaya na Marekani zinapoondoa mashine za kizazi cha 6 na cha 7, zitashukia wapi kama si kwetu? Muulizeni muuzaji kizazi kwanza. Akijibu kwa kutaja ukubwa wa diski, jueni hajui au hataki mjue.

Limebaki suala la LUKU, ambalo barazani hutajwa mwisho, kwa sauti ya ushindi. Tumekaa tukapiga hesabu. Mashine hiyo ikiwa katikati ya mchezo, pamoja na monita, tumeikadiria wati 250. Muda wa saa nne ni uniti moja. Binti amekubali kununua uniti 30 kila mwezi kwa fedha zake, na hapo amejizidishia, maana mimi sitaruhusu saa nne za gemu kila siku. Vyombo vioshwe kwanza, na saa tatu usiku mashine izimwe. Hilo halina mjadala, na yeye analijua.

Mpaka ninapoandika haya zimenunuliwa pawasaplai, prosesa, mazabodi na RAM. Zimo kabatini mwangu, juu ya vitabu, ndani ya mifuko yake, na risiti zimebandikwa kwenye daftari. Kadi ya picha bado. Wiki iliyopita aliikataa ya tatu, kwa sababu feni moja ilikuwa ikilia na mwenye duka hakutaka kuijaribu kwa nusu saa. Jumamosi tunarudi Kariakoo, na safari hii baba yake amesema atakuja, kwa ajili ya kubeba monita tu, ieleweke hivyo.